Barua ya wazi kwa shangazi anayejiona mzigo

Shangazi, shikamoo.

Najua binamu atakusomea hii. Nimeiandika hadharani kwa sababu wapo wengine majumbani wanaopitia haya haya wakidhani wako peke yao.

Juzi ulimwambia baba kwamba heri ungebaki na ugonjwa wako kuliko kupasuliwa moyo. Neno hilo halijanitoka. Kumbuka ulivyokuwa: unalala umeketi, mito imepangwa nyuma, miguu imevimba hadi ndala haziingii. Ile valvu, mlango wa kupitishia damu ndani ya moyo, iliharibika tangu utotoni, kwa mafindofindo yaliyotulizwa kwa maji ya chumvi na ndimu, bila penisilini, na bibi hakuwa na namna ya kujua kwamba homa inayofuata mafindofindo yasiyotibiwa hula moyo polepole. Kubaki na ugonjwa ule kusingekuwa kubaki, shangazi. Tungekuzika.

Lakini siwezi kukuambia kwamba mambo yalikwenda vizuri. Damu iligoma kukata, ukarudishwa chumba cha upasuaji usiku uleule. Mashine ilikupumulia muda mrefu kuliko tulivyoambiwa. Kisha kidonda kikatunga usaha. Kwa hiyo acha kujipima na yule mama wa kitanda cha jirani aliyetoka mapema akitembea. Mfupa wa kifua hukatwa katikati na kufungwa kwa nyaya za chuma. Kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 8 kuunga, na hadi miezi 3 kukomaa. Hiyo ni kwa mtu aliyefunguliwa mara moja na kidonda kikakauka. Wewe hukupita njia hiyo. Ndoo ya maji itabebwa na sisi, na hakuna anayehesabu.

Na wale wasichana uliowaona wamekaa darini kule kwa wagonjwa mahututi, unaona aibu kuwataja. Muuguzi alitueleza vizuri: kuchanganyikiwa namna ile huwapata wengi baada ya upasuaji wa moyo, hasa waliokaa kwenye mashine ya kupumua. Dawa za usingizi, maumivu, kutojua usiku wala mchana. Si wazimu. Waliokuja na habari za mapepo sikuwajibu siku ile kwa heshima ya umri wao, ila nawajibu hapa: mmemwongezea mgonjwa mzigo.

Usiku ule umeme ulipokatika na feni ikasimama, nilisikia valvu yako mpya ikigonga, tik, tik, tik, kama saa ya mkononi. Ulijifunika kanga haraka ili nisisikie. Mimi nilikuwa nafurahi. Niliisikiliza mpaka umeme uliporudi.

Valvu hiyo ni ya chuma, na damu hupenda kuganda juu yake, ndiyo maana wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, utaimeza maisha yako yote. Usiiruke hata siku unayojisikia vizuri, na ukisahau usimeze mara mbili kufidia. Kwa valvu ya mahali pako, kipimo cha INR, cha kuona damu inaganda upesi kiasi gani, wanataka kicheze kati ya 2.5 na 3.5: kikishuka damu inaganda, kikipanda unavuja. Mtaani wamekuambia mchicha ni sumu, ukauacha kabisa. Kula, shangazi, ila kiasi kilekile wiki hadi wiki, kipimo kisirukeruke. Cha kuogopa ni ile diklofenaki ya duka la dawa mgongo ukiuma, na mizizi ya kuchemsha unayoletewa kwenye chupa. Hivyo vikikutana na wafarini vinaweza kukumwagisha damu tumboni.

Kuhusu machozi. Unalia alfajiri ukidhani tumelala, na mchana unaomba msamaha kwamba imani yako imepungua. Sonona baada ya upasuaji wa moyo ni jambo wanalolijua kliniki, na lina tiba. Umeswali hata siku ambazo hukuweza kuinua mkono. Usiniambie habari za imani kupungua.

Jumanne ni siku ya kipimo, nitakuja na bajaji asubuhi. Kanga uliyoikunja ya kukumbatia kifuani ukikohoa uibebe, barabara ile ina matuta. Na daktari akikuuliza unaendeleaje, usiseme "namshukuru Mungu" ukanyamaza. Mwambie hulali. Mwambie unalia. Usiposema wewe, nitasema mimi.