Barua ya wazi kwa Meya wa Brooks, Alberta: namba ya Julai isisomwe peke yake

Mheshimiwa Meya, pamoja na madiwani,

Kila Julai Statistics Canada, idara ya takwimu ya taifa, hutoa faharisi ya uzito wa uhalifu, na maswali huwa yale yale: tumepanda au tumeshuka? Tunaandika kwa Kiswahili ili na majirani zetu wanaokisoma wajue tunachoomba: kabla bajeti ya polisi haijajadiliwa, namba hiyo ichambuliwe kosa kwa kosa.

Faharisi haihesabu matukio tu. Kila kosa lina uzito wake, unaotokana na vifungo vinavyotolewa mahakamani, na mwaka 2006 ndio uliopewa 100, miaka mingine ikilinganishwa nao. Katika uzito wa awali, wizi wa mali isiyozidi dola 5,000 ulikuwa 37, kuvunja nyumba 187, mauaji 7,042. Kwa hiyo mauaji mamoja yalilingana na wizi mdogo wapata 190. Toronto hilo humezwa na wingi wa watu. Brooks, ambako sensa ya 2021 ilikuta watu 14,924, tukio moja tayari ni 6.7 kwa kila watu 100,000. Kifo kimoja kinatosha kuufanya mji uonekane hatari kuliko jiji, na mwaka unaofuata, kisipotokea, baraza linasifiwa kwa kazi ambayo halikuifanya.

Kuna na hili: mkazi wa County of Newell, wilaya ya mashambani inayotuzunguka, akiibiwa mjini, tukio linaandikwa kwetu, yeye anahesabiwa kwao. Tena tangu 2018 polisi nchini walianza kutumia tafsiri pana zaidi ya tukio la kweli, yaani tukio linalokubaliwa na kuhesabiwa, hivyo kulinganisha na miaka ya nyuma kunahitaji tahadhari.

Upande usioonekana ni mkubwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2019 uliowauliza watu waliodhurika ulionyesha kuwa takriban 29% tu ya matukio yalifikishwa polisi. Mtu anayetoka zamu ya usiku, Kiingereza kikimpiga chenga, hatajaza fomu kwa ajili ya baiskeli. Tunaomba mkalimani wa simu kituoni na maelezo ya kuripoti kwa lugha zinazosemwa mjini. Tahadhari: mkifanya hivyo, namba itapanda. Semeni mapema kwamba itapanda, na kwa nini.

Wizi wa magari ndiyo sehemu inayozuilika kwa gharama ndogo. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 20 hasi, watu huwasha gari, huacha ufunguo ndani na kurudi kunywa chai. Mwizi hana haja ya kuvunja chochote. Dawa yake ni hita ya injini iliyofungwa kwenye kipima muda, iwake kwa muda wa saa mbili kabla ya safari, gari likiwa limefungwa. Lakini hita bila soketi ni pambo. Maegesho mapya ya nyumba za kupanga yasipitishwe bila soketi zinazofanya kazi majira yote ya baridi.

Haraka yetu inatokana na fedha. Mji wenye watu kuanzia 5,000 lakini chini ya 15,000 hulipa 70% ya mkataba wa RCMP, polisi wa shirikisho wanaolinda mji wetu. Ukifika 15,000, 90%. Kutoka 14,924 pamebaki watu 76. Fungu la soketi, taa na wakalimani liwekwe kwenye bajeti kabla ankara hiyo haijafika, na idadi ya matukio kwa kila aina ya kosa itangazwe kila mwezi, bila asilimia pale yanapokuwa chini ya kumi.

Wenu,
Wakazi wa Brooks wanaozungumza Kiswahili