Dawa za wazee wa moyo zinaongezwa, nani anazipunguza?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wazee wetu wenye maradhi ya moyo huku Nyanda za Juu Kusini. Mzee wa Rungwe anaanzia hospitali ya wilaya, anapewa rufaa kwenda Mbeya, na hali ikizidi watoto wanamfikisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kila anapopita anatoka na cheti kipya. Kile cha zamani hakuna anayekifuta.

Mama yangu mkubwa yuko Tukuyu. Kwenye kikapu chake cha dawa nilikuta losartani, dawa ya kushusha presha, mbili: moja ya boksi, mwanawe kaituma kwa basi kutoka Dar, nyingine ya kuhesabiwa kwenye bahasha ndogo. Dawa ni ile ile, jina la kiwandani ndilo tofauti. Alikuwa anakunywa zote, "hii ya moyo, hii ya presha," na akiinuka lazima ashike ukuta. Amlodipini, dawa nyingine ya presha, nayo ilimvimbisha miguu, kama inavyowafanyia wengi, na kwa uvimbe huo akaandikiwa dawa ya kukojoza. Kidonge kikazaa kidonge.

Hiyo ya kukojoza, furosemaidi, wengi wanaijua kwa jina la Lasix. Aliambiwa mara mbili kwa siku, basi akawa anakunywa asubuhi na usiku. Usiku huo anaamka na baridi ya Juni, choo kiko nje, ua unateleza. Dozi ya pili ingeweza kunywewa mchana. Ni maelezo ya dakika moja dirishani. Siku ya kliniki ndiyo haigusi kabisa, maana nani atamsimamisha dereva wa kosta kila baada ya kilomita chache kati ya Tukuyu na Mbeya? Za presha pia anaziacha kwa kuwa katoka alfajiri bila kula. Kipimo kinapanda. Daktari hajaambiwa lolote, foleni imefika mlangoni, anaongeza dozi. Nadhani dawa nyingi za wazee wetu zimepanda kwa njia hii.

Halafu kuna magoti. Wazee wetu wamelima milimani maisha yao yote, na dukani wananunua diklofenaki ya kutuliza maumivu bila cheti. Dawa hiyo inazuia chumvi na maji mwilini, inapandisha presha, na ikikutana na losartani na furosemaidi inaweza kuziumiza figo, ambazo kwa uzee zimeshachoka. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003, ili muuzaji awe mtu aliyepewa mafunzo. Basi na aulize: "Shikamoo bibi, unakunywa dawa gani nyingine?"

Sisemi wingi wa vidonge ni kosa. Moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri unahitaji dawa kadhaa kwa pamoja, na aliyezoea atenololi au kavediloli, dawa za kutuliza mapigo ya moyo, akiiacha ghafla anaweza kuzidiwa. Kwa hiyo watoto tusikae nyumbani tukachambua kikapu wenyewe na kutupa tusichokielewa.

Ninachoomba ni hiki. Hospitali zetu zitenge siku ya kliniki ambayo mzee anakuja na kikapu kizima, cha hospitali, cha dukani na hata mitishamba, mfamasia akae na daktari wakague kimoja kimoja, wafute kisicho na kazi, waandike kwenye daftari jina halisi la dawa na saa ya kuinywa. Swali la kwanza kabla ya kupima presha liwe: leo umekunywa dawa? Na sisi tunaotuma maboksi kwa basi, tupige picha cheti cha mwisho alichoandikiwa mzee kabla ya kwenda famasi.

Mkazi wa Uyole,
Mbeya