Cartaginés si hadithi ya mwanasesere tu

Ndugu Mhariri,

Juzi ukurasa wenu wa michezo ulitoa kihabari cha kuchekesha kuhusu Club Sport Cartaginés ya Kosta Rika, kwamba ilikaa miaka 80 na ushei bila ubingwa kwa sababu kuna mwanasesere aliyefukiwa uwanjani. Habari ikaishia hapo, kichwa chake kikiwa kirefu karibu sawa na habari yenyewe. Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku. Mechi za huko zinazoanza saa mbili usiku, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo mlinzi anatafuta chochote cha kumfukuzia usingizi, na ndivyo nilivyoijua timu hii. Naomba nafasi nijazie mliyoyaacha.

Simulizi ya mwanasesere ipo, sikatai. Iko na nyingine, ya kwamba baada ya ubingwa wa msimu wa 1940 washangiliaji waliingia kanisani wakiwa juu ya farasi, padre akawalaani. Cartago, mji wa klabu hii, ndio mji wa Basilika ya Bikira Maria wa Malaika, msimamizi wa nchi nzima. Kila Agosti 2 mahujaji huenda huko kwa miguu, wengi wakitokea San José, mwendo wa kilomita 22 hivi, na wengine mbali zaidi. Mji wa namna hiyo ukikosa kombe, lazima sababu itafutwe kanisani. Ila mashabiki wenyewe huisimulia laana hiyo kwa utani wenye uchungu ndani yake. Nyinyi mmechukua utani, uchungu mkauacha.

Klabu ilianzishwa Julai 1, 1906, miaka 15 kabla Kosta Rika haijawa na ligi. Haijatimiza hata miaka minne, Mei 4, 1910, tetemeko la ardhi likaubomoa mji. Mamia ya watu walikufa. Hata jumba la Mahakama ya Haki ya Amerika ya Kati, lililojengwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie, lilianguka, na mahakama ikahamishiwa San José. Katika mji huo uliojengwa upya ndipo Cartaginés ikatwaa ubingwa wa 1923, wa 1936 na wa 1940. Baada ya hapo, kimya. Mwaka 1963 volkano ya Irazú, iliyo jirani kabisa na mji, ikaanza kumwaga majivu, na Desemba ya mwaka huo mto Reventado ukateremsha tope lililozoa nyumba na watu. Mimi nikisoma haya, huyo mwanasesere namwona mdogo sana.

Kuna kisa kingine cha zamani ambacho wapenda soka hawakitaji, nami nakipenda kupita kiasi. Cartago ndio uliokuwa mji mkuu wa nchi. Mwaka 1823 viongozi wake walitaka nchi iwe chini ya Iturbide, mfalme wa Meksiko, ilhali San José na Alajuela walitaka jamhuri. Wakapigana mahali paitwapo Ochomogo, Aprili 5. Cartago ikashindwa, na makao makuu yakaenda San José, ambako ndiko yaliko leo. Kumbe Iturbide alikuwa amekwisha kujiuzulu wiki kadhaa kabla, habari tu ndiyo ilikuwa haijafika. Watu walikufa kwa ajili ya mfalme ambaye hakuwepo tena.

Sasa niulize. Kama mwanasesere ana nguvu hizo, alikuwa wapi kwenye mashindano ya 1994? Katikati ya hiyo laana, Cartaginés ilichukua Kombe la Mabingwa la CONCACAF, shirikisho la soka la Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi, kwa kuifunga Atlante ya Meksiko mabao 3-2. Kombe la kanda nzima, Mhariri, lenye timu za Meksiko ndani yake! Ndumba gani hiyo inayozuia kombe la nyumbani halafu inaachia la kimataifa lipite mlango wa mbele? Kihabari chenu hakikulitaja kabisa, na nadhani najua kwa nini: lingeharibu utamu.

Sababu ya ukame haihitaji mganga. Saprissa, Alajuelense na Herediano kwa pamoja wana mataji zaidi ya 90 ya ligi hiyo. Klabu nyingine zote zinagombea makombo, na Cartaginés imekaa mezani na wakubwa hao kwa karne nzima ikiangalia sahani zinavyopita. Mara kadhaa ilifika fainali. Mwaka 2013 ililikosa kombe kwa mikwaju ya penalti, mbele ya Herediano. Penalti zina ukatili wake wa kutosha, haziombi msaada wa kitu kilichofukiwa.

Na mwisho wa ukame wenyewe mmeupitisha kwa maneno matatu tu, "hatimaye ilishinda 2022". Fainali kuu ilikuwa dhidi ya Alajuelense, watu wa Alajuela, walewale wa upande wa pili kule Ochomogo. Cartaginés ya kocha Géiner Segura ilishinda 1-0 nyumbani, kisha ikaenda marudiano kwenye uwanja wa Alejandro Morera Soto na kutoka sare ya 1-1. Katika safu ya mbele alikuwemo Mkuba Marcel Hernández, ambaye alikuwa amewahi kuvaa jezi ya Alajuelense kabla ya kurudi Cartago. Mtoto aliyezaliwa siku za ubingwa wa 1940 alikuwa sasa ni mzee wa miaka 80 na zaidi, na yawezekana maisha yake yote alikuwa akiambiwa "mwaka huu". Hapo ndipo ilipo habari. Mwandishi wenu angeanzia kwa mzee wa namna hiyo, huyo mwanasesere angetosha aya moja huko chini.

Ombi langu ni dogo. Ligi hiyo ina mabingwa wawili kwa mwaka, kwa hiyo fainali haziadimiki. Najua mechi zao zinamalizika karibu saa moja asubuhi yetu, gazeti likiwa limekwisha kuchapwa na liko njiani. Basi matokeo yawekwe toleo la kesho yake, hata mstari mmoja chini ya matangazo. Na mkiwa na nafasi ya mistari miwili, wa pili uwe wa majina ya wafungaji.

Wenu,
Mlinzi wa usiku, msomaji wa kurasa za nyuma