Mshonaji asidaiwe kwa kalenda ya mwenye mshahara

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lenu ili niseme neno juu ya jambo ambalo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, husikika kila mradi unapofungwa na watu kurudishwa nyumbani: ndugu na majirani humwambia aliyepoteza kazi achukue mkopo aanze shughuli yake mwenyewe. Shauri hilo hutolewa kwa moyo mwema, na mimi sina ugomvi na kujitegemea, kwa sababu tangu mwaka 2022 watoto wangu wanakula kwa cherehani. Lakini mikopo mingi tunayopewa imepangwa kwa ajili ya mtu anayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi, naye anayeanza kazi yake ndiye mtu ambaye mshahara huo umekwisha kumtoka. Watu wanaumia hapo, nami niliumia.

Kwa miaka tisa nilikuwa nikiandika vitabu vya hesabu katika ofisi ya shirika moja. Mradi ulipomalizika nililipwa haki zangu za mwisho, dola 1,150, na kwa kuwa mama yangu alinifundisha kushona tangu nikiwa msichana, sikuona sababu ya kuogopa. Nilinunua cherehani mbili, moja mpya na moja iliyokwisha kutumika, nikalipa garanti, yaani dhamana ya kodi, ya miezi sita kwa chumba kidogo kando ya barabara huku Kadutu, nikanunua vitambaa vyeupe na vya buluu vya sare za shule, na zile dola 400 hivi zilizobaki nikaziweka katika bahasha kabatini. Zilikuwa fedha zisizo na jina. Nilipohitaji uzi na vifungo nilizichukua humo, na nilipohitaji makaa ya kupikia, unga na samaki wadogo tunaowaita sambaza nilizichukua humo humo, huku nyumba ikiendelea kuishi kama wakati ule mshahara ulipokuwa ukifika. Novemba ilipoingia, bahasha ilikuwa tupu, na mimi niliyeandika hesabu za watu kwa miaka tisa sikuweza kumjibu mume wangu aliponiuliza kama fedha zimeliwa na kazi au zimeliwa na nyumba.

Ndipo nilipokwenda kukopa dola 500 katika chama kimoja cha akiba na mikopo cha mjini, kwa miezi sita, kwa riba ya asilimia 3 kila mwezi, malipo ya kwanza baada ya siku 30. Sikilaumu chama hicho, kwa maana nilisoma mkataba nikatia saini. Kila mwezi nilipaswa kupeleka dola 98 na senti kadhaa. Malipo ya Desemba niliyapata bila taabu, kwa sababu watu hushonesha nguo za Noeli. Januari nilikwangua hapa na pale hadi yakatimia. Februari hakuna anayeshonesha kitu: sare zilikwisha kununuliwa tangu Septemba, na wazazi wanatafuta ada ya sekondari. Nikaenda kwa wale tunaowaita banki lambert, yaani watu binafsi wanaokopesha kwa riba kubwa, nikachukua dola 100 za kurudisha 140 baada ya mwezi mmoja. Sitaeleza kwa kirefu yaliyofuata, kwa sababu kila mtu aliyepita njia hiyo anayajua. Machi tuliuza ile cherehani mpya. Mnunuzi alikuja na kijana wa kuibeba, na walipoondoka nilibaki nikitazama alama nne za miguu ya cherehani kwenye saruji, mahali palipokuwa peusi kidogo kwa mafuta niliyokuwa nikiitia kila Jumatatu asubuhi.

Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na ninaamini kwamba mkopo ule ungeweza kulipwa wote, hadi senti ya mwisho, kama ungefuata msimu wa kazi yangu. Mshonaji wa sare hununua vitambaa Julai, hushona Agosti, hupokea fedha mwishoni mwa Agosti na katika Septemba, kisha hukaa kimya mpaka Desemba, na baada ya hapo husubiri Pasaka na harusi za kiangazi. Anayeuza mahindi ana msimu wake, na anayefuga kuku wa nyama hungoja wiki sita au zaidi kabla ya kuona franka. Ukimtaka mtu kama huyo alipe sehemu sawa kila baada ya siku 30, tangu mwezi wa kwanza, unamlazimisha kulipa kwa kutumia fedha zile zile ulizomkopesha, na akifika wakati wa kununua mali mtaji umekwisha kurudi kwako pamoja na riba.

Riba yenyewe watu wengi hawaipigi hesabu. Mtu akikopa dola 200 kwa miezi minne kwa asilimia 5 kwa mwezi, huku riba ikihesabiwa kila mara juu ya zile 200 za mwanzo, atalipa dola 10 mara nne, yaani 40. Kama riba ingehesabiwa juu ya deni lililobaki tu, angelipa 10, kisha 7.5, kisha 5, kisha 2.5, jumla dola 25. Asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi ni ile ile, lakini tofauti ni dola 15, na kwa dola 15 mimi hununua kitambaa cha kutosha mashati kadhaa ya watoto. Anayekopa na aulize swali hilo kabla ya kushika kalamu: riba hii inahesabiwa juu ya deni la mwanzo au juu ya lililobaki?

Msaada niliupata katika MUSO, yaani vyama vyetu vya mshikamano, ambavyo vimeenea katika Kivu ya Kusini na ambavyo wasomaji wengi wanavijua kwa masanduku yao matatu. Sanduku la kijani ni la akiba na mikopo ya wanachama. Jekundu ni la matatizo kama ugonjwa, kifo au moto, na anachotia mwanachama humo hakirudi kwake. La buluu ni la fedha zinazotoka nje ya chama. Mgawanyo huo wa rangi nilikuwa nikiuandika kila wiki mbili kama mwandishi wa chama chetu, na bado sikuwa nimeelewa kwamba ndani ya nyumba yangu fedha zote zilikaa katika sanduku moja lisilo na rangi.

Tulianza upya na makopo mawili ya maziwa ya unga, moja la kazi, moja la nyumba. Kila Jumamosi jioni, baada ya kufunga, kopo la kazi hunilipa mshahara wangu wa dola 15, ambao huingia katika kopo la nyumba pamoja na sehemu ya mshahara wa mume wangu, ambaye ni mwalimu. Siku nyingine zote nyumba haigusi kopo la kazi, hata chumvi ikikosekana. Wiki za kwanza sikufikisha 15, nikajilipa 8 na kuandika 8 katika daftari. Kuandika ile 8 kuliniuma kuliko deni, lakini kulitufundisha wote kula kwa 8 wiki ile. Mteja anayetaka nguo sasa hutoa arbuni ya nusu kabla sijakata kitambaa, hata akiwa shangazi yangu, na nguo iliyokwisha haitoki dukani bila nusu ya pili.

Julai mwaka 2023 niliomba mkopo wa dola 150 katika sanduku la kijani, nikawaomba wenzangu niruhusiwe kulipa riba peke yake Agosti, na deni lenyewe kwa sehemu mbili, katikati ya Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Haikuwa rahisi. Mama mmoja anayeuza ndizi aliuliza swali la haki kabisa: fedha zangu zikikaa kwako miezi mitatu bila kurudi, mimi nikihitaji kukopa Agosti nitakopa nini? Tulibishana mikutano miwili. Mwishowe tuliafikiana kwamba mikopo ya namna hiyo isizidi miwili kwa wakati mmoja, na kwamba anayeiomba awe ameweka akiba mwaka mzima bila kukosa, na aonyeshe daftari la mauzo la miezi mitatu. Nililipa tarehe tulizokubaliana. Tangu hapo wanachama wanne wamekopa kwa mpango huo, mmoja alichelewa wiki tatu kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto, na sanduku jekundu lilimsaidia kulipa hospitali ili fedha za kazi zisiguswe.

Kuhusu mahali pa kuweka akiba, siwezi kusema kuna mahali pasipo hatari. Wale waliokuwa na franka mwaka 2015, wakati dola ilipokuwa karibu franka 920, walijikuta mwishoni mwa 2017 dola ikikaribia 1,600, na aliyeweka franka 92,000 kwa ajili ya cherehani aliziona zimeshuka kutoka dola 100 hadi chini ya 60 bila yeye kuzitumia. Hivyo mimi huweka akiba kwa fedha ile nitakayonunulia: vitambaa vyangu ni kwa dola, unga ni kwa franka. Kuweka fedha kwa karte, ambapo mkusanyaji hupita kila siku na kuchukua sehemu ya siku moja kila mwezi kuwa malipo yake, hakuzai kitu, lakini kwa asiyeweza kujizuia kula fedha zilizo mkononi ni heri kuliko kabati langu la zamani. Nayo mabenki yalipofunga milango hapa mjini mwanzoni mwa mwaka 2025, tuliona watu wenye akiba halali wakishindwa kununua dawa, na fedha za simu zikipungua kila zilipobadilishwa kuwa noti. Chama chetu kilisimamisha riba kwa miezi mitatu, na kilichotuokoa ni kwamba sehemu kubwa ya akiba ilikuwa mikononi mwa wanachama wenyewe, ikifanya kazi katika viazi, samaki na vitambaa.

Kuna jambo moja nyeti ambalo sitaki kulipita. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilipobadilisha Kanuni ya Familia ya 1987, mwanamke aliyeolewa hawekwi tena chini ya ruhusa ya mumewe; sheria inawataka mume na mke wakubaliane juu ya wajibu wanaouchukua, na anayemdai mama saini ya mume huku hamdai baba saini ya mke anamnyima mama haki yake. Ninaitetea haki hiyo kwa nguvu zote. Lakini mkopo wangu wa kwanza niliuchukua bila kumwambia baba wa watoto, na yeye wakati huo huo alikuwa na deni lake shuleni ambalo sikulijua. Nyumba moja ilikuwa ikilipa sehemu tatu kila mwezi, na hakuna kati yetu aliyeijua jumla. Leo madeni yetu sisi wawili yameandikwa kwenye ukurasa mmoja uliobandikwa nyuma ya mlango wa chumba chetu, na anayetaka kuongeza mstari huuongeza mbele ya mwenzake.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, kupitia gazeti lenu nawaomba viongozi wa MUSO na wa vyama vya akiba na mikopo vya mji wetu wamwulize kila anayeomba mkopo wa kuanzia kazi fedha zake zitarudi mwezi gani, kabla ya kumwandikia tarehe za kulipa. Nawaomba pia wahesabu riba juu ya deni lililobaki. Nao wanaotoka kazini na malipo yao ya mwisho nawasihi wasikope chochote hadi wawe wamejilipa mshahara kutoka katika kazi yao mpya kwa miezi mitatu, hata mshahara huo ukiwa wa dola 8 kwa wiki. Daftari letu na masharti tuliyoandika viko wazi kwa chama chochote cha Kadutu, Ibanda au Bagira kitakachotaka kuviona, na ningefurahi kama wangefika kabla ya Julai, wakati washonaji wanapoanza kutafuta vitambaa.

Wenu kwa heshima,

Mama mshonaji, Kadutu, Bukavu