Namba ya sukari bila njia ya kupima haitusaidii

Mhariri,

Kazi yangu ni kuwahoji watu juu ya kila walichokula na kunywa katika saa 24 zilizopita. Ndiyo maana nikisoma kwamba wananchi wanakula gramu fulani za sukari kwa siku, kwanza natafuta zilipimwaje. Mara nyingi sioni.

Baadhi ya namba hizo hutokana na sukari iliyozalishwa na kuagizwa, ikatolewa iliyouzwa nje, kisha ikagawanywa kwa idadi ya watu. Hiyo ni sukari iliyokuwepo, hata ile iliyoishia kumwagika.

Mahojiano nayo hupunguza, wala si kwa sababu watu ni waongo. Namuuliza mama anatia vijiko vingapi kwenye kikombe, ananijibu viwili, na ni viwili kweli. Namwomba achote juu ya mizani yangu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Chake kina kilima, na mizani inasoma karibu mara mbili. Kama ningeandika "viwili" nikaondoka, nusu ya sukari yake ingepotea kwenye karatasi yangu. Na hapo bado sijagusa soda aliyokunywa njiani akaisahau.

Mkojo uliokusanywa kwa saa 24 hausahau: ukipimwa sukrosi na fruktosi, ambazo ni aina mbili za sukari, unakadiria sukari yote aliyokula mtu. Hautenganishi ya matunda na ya kuongezwa, lakini unatuonyesha mahojiano yamekosea kwa kiasi gani. Ni kazi ya gharama na usumbufu, najua, ila kundi dogo la washiriki linatosha, na nawasihi wanaopanga tafiti za lishe walitengee fedha.

Kuna pia suala la sukari ipi inahesabiwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari huru isifike asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, yaani gramu 50 kwa anayehitaji kilokalori 2,000, na humo, pamoja na sukari ya kuongezwa, imo ya asali na juisi ya matunda. Tafiti nyingi huhesabu ya kuongezwa tu, juisi halisi ikaachwa nje, kisha matokeo yakapimwa kwa kipimo hichohicho. Watu wanaambiwa wako salama kumbe hawako.

Uingereza ilianza kutoza ushuru wa vinywaji vyenye sukari Aprili 2018. Nchi yoyote inayotaka kujua kama hatua ya namna hiyo imefaa, ipime kabla na baada kwa njia ileile. Ikibadilisha dodoso katikati, haitajua kilichopungua ni sukari au ni maswali.

Mdadisi wa tafiti za lishe