Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama,

Shikamooni wazee, na wengine wote habari za jioni. Kwa niaba ya kamati nawasilisha taarifa ya mwaka ulioisha.

Shughuli za kawaida mnazijua. Madarasa ya Kiswahili ya Jumamosi yameendelea, futari tuliandaa, misiba mitatu tuliihudumia, na mazoezi ya vijana yamerejea baada ya ukumbi kufunguliwa. Kumbukumbu za vikao ziko kwa katibu.

Muda wangu nautumia kwa lile lililosemwa sana pembeni bila mimi kuulizwa: kwa nini ukumbi ulifungwa tangu Mei hadi Agosti, msimu wa harusi, na kwa nini tulitumia pauni 31,450 wakati mezani tulikuwa na bei ya pauni 13,800.

Tukumbushane tunachokimiliki. Ukumbi wetu ni kanisa dogo la karne ya 19, la mawe ya hudhurungi yenye chuma ambayo mkoa wetu wa Northamptonshire, hapa Uingereza, unajulikana nayo, na limeorodheshwa kuwa jengo la kuhifadhiwa, daraja la II. Wapo wanaoamini kuwa hifadhi ni ya uso wa mbele tu. Si kweli. Hifadhi inashika jengo zima, ndani na nje, pamoja na kilichojengwa uwanjani kabla ya tarehe 1 Julai 1948. Kwa hiyo lile pendekezo la kubomoa ukuta wa mbele ili magari yaingie halikufa kwa ukaidi wangu. Kubomoa bila kibali ni kosa la jinai: faini isiyo na kikomo, au kifungo hadi miaka miwili, na halmashauri inaweza kudai ukuta urudishwe hata miaka 20 ikishapita. Wa kuitwa mahakamani ni wadhamini, si aliyetoa pendekezo.

Sasa ile bei ya pauni 13,800. Ilikuwa na kazi tatu: kuchoma ukutani, kama sindano, dawa ya kuzuia unyevu, kujaza upya maungio ya mawe kwa saruji, na kuweka madirisha ya plastiki. Zote tatu zingetuumiza.

Ukuta wetu una unene wa milimita 450: mawe nje, mawe ndani, katikati kifusi. Dawa ikichomwa humo hupotelea kwenye mianya na haifanyi tabaka lisilokatika. Tena maji hayakuwa yakipanda kutoka ardhini kama tulivyoambiwa. Kile kipimo cha umeme kilichobandikwa ukutani husoma chumvi kama kinavyosoma maji, na ukuta wetu umejaa chumvi.

Maji yalikuwa na njia tatu, na nilizifuata mwenyewe siku za mvua kubwa. Bomba la chuma linaloshusha maji ya paa upande wa kaskazini lilikuwa limepasuka mgongoni, pale lilipogusa ukuta, mahali ambapo brashi ya rangi haijawahi kufika. Mbele lilionekana zima. Nje, lami ilikuwa imewekwa juu ya lami hadi ikapita usawa wa sakafu na kuziba matundu ya hewa chini yake. Ncha za mihimili mitatu ya sakafu zilikuwa zimeoza. Njia ya tatu, na mbaya kuliko zote, ni saruji iliyojazwa kwenye maungio miongo kadhaa iliyopita.

Naomba hili lieleweke, maana ndilo lililotugawa. Jiwe letu ni laini na linapitisha unyevu. Saruji ni ngumu na imebana. Mvua huingia kwenye nyufa nyembamba kati ya saruji na jiwe, kisha maji hayapati pa kutokea isipokuwa kupitia jiwe lenyewe. Yakitoka huacha chumvi chini ya uso wa jiwe, barafu ya Januari inamalizia, na uso unamomonyoka. Sehemu nyingine jiwe lilikuwa limerudi ndani milimita 30 huku saruji imebaki imetokeza kama mbavu. Kujaza saruji mpya kungekuwa kulipa ili tuendelee kuharibu. Wazee wetu wa Unguja na Lamu waliokulia kwenye nyumba za mawe na chokaa hawakuhitaji kuelezwa, na nawashukuru kwa kuniunga mkono walipokuwa wachache.

Tulichofanya ni hiki. Saruji ilitolewa kwa tindo na nyundo ndogo, kwa mkono, kwa kina cha milimita 25 au zaidi. Grainda tuliikataa kwa sababu inakata kingo za mawe. Maungio yakafagiliwa, yakalowanishwa, yakajazwa chokaa ya daraja la NHL 2 (NHL ni chokaa asilia inayokaza hata penye maji), iliyo laini kuliko madaraja ya 3.5 na 5, kipimo kimoja kwa mchanga mkali viwili na nusu. Kesho yake, chokaa ikishakaza kiasi cha kutobonyea kwa kidole gumba, ilipigwapigwa kwa brashi ngumu ili uso wake ufunguke na upumue. Kisha ikafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa na kunyunyiziwa maji kila siku, kwa kuwa chokaa ikikauka haraka hugeuka vumbi. Kabla ya yote, afisa wa uhifadhi wa halmashauri alikagua sehemu ya mfano ya mita moja ya mraba na kuthibitisha kwa maandishi kuwa ukarabati wa namna hii hauhitaji kibali. Barua ninayo.

Na hapo ndipo lilipo jibu la harusi. Chokaa haiwekwi joto likishuka chini ya nyuzi 5, hata usiku, kwa sababu ikigandishwa kabla ya kukomaa huporomoka. Katika nchi hii hilo linatuachia miezi ya joto tu. Madirisha nayo yalikuwa karakana, nafasi zake zimezibwa kwa mbao, na jukwaa la chuma la mafundi limesimama mbele ya mlango. Nisingeweza kuruhusu bibi harusi apite chini yake. Familia mbili zilizorudishiwa amana zao nawaomba radhi tena, lakini uamuzi ulikuwa sahihi na ningeurudia.

Wanaouliza mbona alama za unyevu bado zipo ndani: ukuta kama huu hukauka kwa kadiri ya mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Kwa milimita 450, hesabu inakuja miezi 18. Tafadhali mtu asipake rangi ya plastiki kuficha alama. Aliyepaka nyuma ya jukwaa la wasemaji wakati wa sikukuu ametuongezea kazi.

Madirisha sita ya kupandisha na kushusha yametengenezwa, hayakubadilishwa. Kilichooza ni vizingiti na pau za chini tu. Zilikatwa zikaungwa mbao mpya, kamba zikabadilishwa, vioo vikashikwa upya kwa pati ya mafuta ya kitani, na brashi za kuzuia upepo zikawekwa pembeni. Ndani tumeongeza kioo cha pili kinachoondoleka. Kelele za barabara zimepungua mno. Sleti za paa, yaani vigae vya mawe, zilizoteleza, 14 kwa jumla, zimerudishwa kwa misumari ya shaba. Nyingi hazikuwa zimevunjika, misumari yake ya chuma ndiyo iliyoliwa na kutu.

Fedha: maungio 11,900, madirisha 9,300, jukwaa la mafundi pamoja na sleti 4,200, gata (mifereji ya paa) na bomba 3,400, kushusha ardhi ya nje na mihimili 2,650. Humo kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 20 ni zaidi ya pauni 5,200. Anayejenga nyumba mpya halipi kodi hiyo, anayetunza ya zamani anailipa yote. Inaniuma kila ninapoiona.

Kati ya wanachama 112, waliolipa ada ya pauni 60 ni 47. Wasiolipa ni 65, yaani pauni 3,900, ambazo zingetosha gata na bomba na chenji ikabaki. Mkutano uliopitisha kazi hii ulihudhuriwa na watu 19, na akidi ni 15. Taarifa ilitolewa siku 21 kabla. Baadhi ya waliolalamika zaidi hawakuwepo, na baadhi yao hawajalipa ada kwa mwaka wa pili. Nasema haya kwa uchungu, kwani kamati ilikesha na karatasi hizi.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupiga plasta ya chokaa upande wa kaskazini ukuta ukishakauka, na kutazama suala la joto la ukumbi kadiri mfuko utakavyoruhusu. Tunaomba pia vijana waingie kamatini.

Gata zitasafishwa Jumapili ya kwanza ya Desemba, majani yakishaanguka, saa nne asubuhi. Ngazi na glavu zipo. Wanahitajika watu wanne, na hadi leo waliojiandikisha ni mimi na mweka hazina.

Mwenyekiti