Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: mwaka wa lengo tumeusikia, kodi je?

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka ambao magari mapya ya petroli na dizeli yatakoma kuuzwa tumeutajiwa hadi tumeukariri. Ambacho hatujaambiwa ni hiki: msamaha wa kodi kwenye gari la umeme utadumu mpaka lini, na ukiisha tutatozwa nini?

Siulizi kwa udadisi. Nina daftari ninalobandikia stakabadhi za mafuta, na juzi usiku nililiweka kando ya fomu ya mkopo wa gari la umeme nikapiga hesabu. Mkopo ni wa miaka sita. Bajeti yako ni ya mwaka mmoja. Nilipofika mwaka wa tatu kalamu ilisimama, maana sikujua niandike sifuri au niandike kodi.

Ya Ujerumani unayajua. Tangazo la kufunga ruzuku ya kununua gari la umeme lilitoka Desemba 16, 2023, na maombi yakakomea kesho yake. Mwaka uliofuata mauzo ya magari ya umeme yalishuka kwa zaidi ya robo. Ruzuku haikuwa lazima idumu milele. Kuikata kwa usiku mmoja ndiko kulikowavuruga wanunuzi.

Norway walikwenda kwa mwendo mwingine. Kodi ya ongezeko la thamani waliisamehe tangu 2001, na lengo la 2025 wakaliweka 2017, wakati watu walishazoea unafuu huo. Hata walipoanza kuupunguza, mwaka 2023, walitoza ile sehemu ya bei inayozidi kroni 500,000 tu. Mwaka 2024, karibu magari tisa kati ya kumi mapya yalikuwa ya umeme. (Tusijidanganye: gari la petroli nalo walilitwisha kodi nzito, jambo ambalo wanasiasa hawapendi kulitamka jukwaani.)

Najua pia kinachokukosesha usingizi. Kila lita ya mafuta ina fungu la barabara ndani yake, na gari la umeme halipiti kwenye pampu. New Zealand, kuanzia Aprili 2024, wenye magari ya umeme hulipa dola 76 za nchi hiyo kwa kila kilomita 1,000. Mimi sina ugomvi na tozo ya kilomita, barabara naitumia. Ila wao walikuwa wamefuta punguzo la ununuzi miezi mitatu tu kabla. Kofi kushoto, kofi kulia.

Halafu kuna sisi tusio na geti wala uwanja. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu huteremsha waya dirishani usiku, na asubuhi huukunja kabla mlinzi hajaamka. Uingereza, anayechaji nyumbani amekuwa akilipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na anayetegemea chaja ya barabarani asilimia 20. Yaani asiye na maegesho ndiye anayelipa zaidi. Usiuige mfano huo, na gari la mtumba la umeme nalo likumbukwe. Wengi wetu gari jipya tunalionea dirishani.

Katika hotuba ijayo ya bajeti naomba jedwali moja tu: kila mwaka hadi huo wa lengo, msamaha kiasi gani, tozo kiasi gani. Hata kama tarakimu zitauma. Mstari wa mwaka wa tatu kwenye daftari langu nimeuacha wazi.

Wako,
Mlipa kodi